Relei ya gesi imelia mara tatu, sasa transfoma imetripi, yaani imejizima. Niwashe?

FundiAwasi · Jumanne, saa 2:40 usiku

Wadau, habari za jioni. Naandika nikiwa kibandani kando ya transfoma, buti zimelowa na simu imebaki asilimia kumi na tisa, kwa hiyo mnisamehe nikikatika.

Niko kiwanda cha sukari huku upande wa Kisumu. Turbini yetu iko kwenye matengenezo tangu mwezi jana, hivyo kiwanda chote kinategemea transfoma moja: 33/11 kV, MVA 5, ya kupoa kwa mafuta bila feni. Wiki tatu zilizopita tulibadilisha gasketi ya bushingi moja (kile kizio kinachopitisha umeme kwenye ukuta wa tangi) ya upande wa 11 kV iliyokuwa ikivuja, tukachuja mafuta, tukawasha. Ikakaa vizuri.

Jumapili saa tatu usiku kengele ya Buchholz, yaani relei ya gesi, ikalia. Kwenye kioo cha relei gesi ilikuwa imefika alama ya mililita 200. Mkuu wa zamu akasema hiyo ni hewa iliyobaki tulipochuja mafuta, toa, rizeti. Nikatoa. Leo saa kumi alfajiri ikalia tena, nikatoa. Saa saba mchana ikalia tena, nikatoa.

Saa kumi na moja jioni mvua ikashuka kutoka Nandi na radi zake. Moja ikapiga laini yetu ya 11 kV inayoenda kwenye pampu za mtoni. Breka ya laini hiyo ikatripi kwa ovakarenti (mkondo kuzidi), na sekunde hiyohiyo transfoma nayo ikatoka. Bendera iliyoanguka, ile inayoonyesha relei iliyotripisha, ni moja tu, ya Buchholz trip. Relei ya difarensheli kimya. Vali ya presha haijaruka. Mafuta kwenye konsaveta (tangi dogo la akiba lililo juu) yako pale pale na hakuna mahali panapovuja. Kwenye relei kuna gesi tena, kama 150, na safari hii sijaigusa.

Meneja anasema ni radi, washa. Mkuu wa zamu anasema ni radi, washa. Malori ya miwa yamepanga foleni hadi barabarani, mengine miwa yake ilikatwa Jumapili na kila saa inayopita sukari inapungua ndani ya muwa. Mwenye ufunguo wa kufuli ni mimi. Niwashe?

---

KibosBoy · Jumanne, saa 2:52 usiku

Boss, hiyo ni radi, umejijibu mwenyewe. Difarensheli ingekuwa imeona kitu ingetripi. Kwetu ilitokea hivyo mwaka juzi, tukarizeti, tukawasha, mpaka leo transfoma inakula lodi. Buchholz ni relei ya woga. Miwa haingojei.

---

Mstaafu33 · Jumanne, saa 3:15 usiku

FundiAwasi, usiwashe. Weka ufunguo mfukoni halafu usome.

Mimi nimestaafu, niko Njoro na ng'ombe wangu watatu, lakini miaka ishirini na saba nilikuwa mtu wa relei. KibosBoy amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo itakayokuunguzia transfoma.

Ndani ya kile kichuma kilicho kwenye bomba kati ya tangi na konsaveta mna maboya mawili. Mjerumani Max Buchholz alikibuni mwaka 1921 na kazi yake haijabadilika. Gesi ikizaliwa popote ndani ya tangi inapanda, inanaswa pale, inasukuma mafuta chini, na boya la juu linashuka nayo: hiyo ndiyo kengele. Boya la chini linashuka mafuta yakiisha kabisa. Karibu nalo kuna kibati, na mafuta yakikimbia kwa ghafla kuelekea konsaveta, kwa mwendo wa kama mita moja kwa sekunde, kibati kinasukumwa na transfoma inatoka. Hiyo ndiyo trip. Kwa hiyo kengele inahesabu gesi, trip inapima kishindo. Hayo ni mambo mawili, na wewe unayo yote mawili, ila watu hapo wanazungumzia la pili tu.

Trip ya leo jioni, ndiyo, inawezekana kabisa ni ya radi. Shoti ikitokea kwenye laini ya 11, mkondo mkubwa unapita kwenye koili, koili zinaruka, mafuta yanatikisika, kibati kinasukumwa. Nimeiona kwa macho yangu. Lakini niambie, Jumapili saa tatu usiku radi ilikuwa wapi?

Tazama saa ulizoandika wewe mwenyewe. Kutoka kengele ya kwanza hadi ya pili ni saa 31. Kutoka ya pili hadi ya tatu ni saa 9. Na baada ya hapo, ndani ya saa 4 tu, gesi imeshafika 150. Hewa iliyobaki baada ya kuchuja mafuta haiendi hivyo. Hewa hupungua: kengele ya kwanza leo, ya pili baada ya siku mbili, ya tatu baada ya wiki, kisha unaisahau. Yako inakimbia. Kuna kitu kinapika mafuta humo ndani, na moto wake unaongezwa.

Na kuhusu difarensheli. Difarensheli inalinganisha mkondo unaoingia na unaotoka. Kiungo kilicholegea kinaweza kuwa chekundu kama kaa la makaa na bado mkondo wote unapita, hakuna ulichopoteza, kwa hiyo difarensheli haina la kusema. Ukimya wake si cheti. Ingeanguka pamoja na Buchholz nisingekuandikia marefu hivi, ningekwambia tu uite lori la kubebea.

Sasa nikuambie kwa nini naandika usiku huu badala ya kulala. Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa kituo kimoja upande wa Kakamega. Kengele ililia mara mbili usiku mmoja. Nikapanda, nikafungua kikoki, nikatoa, na kwenye kitabu nikaandika neno moja: "hewa". Ilikuwa na harufu, nakumbuka hadi leo, kama sufuria ya mandazi iliyosahauliwa motoni. Hewa haina harufu. Nilijua haina harufu. Lakini kulikuwa na baridi, nilitaka kushuka. Asubuhi ikatripi, tukawasha tena kwa amri ya simu, na tangi likapasuka kwenye weldi ya kona. Mafuta yalifika kwenye ua. Mlinzi aliponea kwa sababu alikuwa ameenda kuchota maji. Uchunguzi ulipokuja waliniuliza, gesi ilikuwa ya rangi gani, iliwaka? Sikuwa na jibu, nilikuwa nimeipeperusha.

Hiyo 150 uliyonayo ni mali. Mara tatu umeshaitupa, na sikulaumu, uliamriwa. Usiitupe ya nne.

Usiku huu fanya hivi tu. Fungua aisoleta (swichi za kutenga) pande zote mbili, piga ethi (unganisha na ardhi), andikiana pamiti na mkuu wa zamu, ndipo mtu apande. Kama gesi ina bomba dogo la kuishusha hadi usawa wa kifua, afadhali, hutapanda. Hakuna sigara, hakuna kiberiti. Halafu fungua kisanduku cha waya cha relei uone kama maji ya mvua yameingia, kwa sababu hilo nalo hutripisha. Nyaya zipime kwa mega, mita ya insulesheni. Mimi nadhani utakuta kukavu, ila usiniamini, tazama. Na kwenye kitabu andika yote, pamoja na zile mara tatu ulizotoa.

Swali moja: bushingi mliyobadilisha gasketi ni ya fezi gani?

---

FundiAwasi · Jumanne, saa 3:31 usiku

Asante mzee. Ni fezi ya bluu. Nimemwonyesha meneja ujumbe wako. Amesoma mpaka kwa mlinzi, akarudisha simu bila kusema kitu, akaenda kuongea na madereva. Aisoleta zimefunguliwa.

Zamani walitufundisha chuoni kwamba unaweza kuwasha gesi pale pale kwenye kikoki uone kama inashika moto. Nifanye hivyo?

---

Mstaafu33 · Jumanne, saa 3:36 usiku

Usithubutu. Tulifanya hivyo enzi zetu na waliobaki na nyusi walikuwa na bahati. Vuta kwenye sindano, shuka, tembea hatua hamsini, ndipo ujaribu kidogo.

---

DadaMaabara · Jumanne, saa 3:50 usiku

Mzee shikamoo, lakini hapo nakupinga. FundiAwasi, una mililita 150 tu, usizichezee kwa kiberiti hata hatua mia moja. Moto utakwambia "inawaka" au "haiwaki". Mashine itakwambia kuna nini na kiasi gani. Mimi napima mafuta ya transfoma hapa Nakuru, na hii ndiyo kazi ninayoamkia.

Tafuta sindano za kioo zenye kikoki cha njia tatu, si za plastiki za zahanati, hidrojeni hupenya. Kama kiwanda hakina, pale Kisumu wapo wakandarasi wanaopima transfoma, azima. Suuza sindano kwa gesi yenyewe kidogo, tupa, kisha vuta. Jaza mbili. Halafu chukua mafuta, sindano moja kutoka chini ya tangi kuu na nyingine kutoka kwenye relei, na mafuta yasiwe na hata povu moja. Kabla ya kujaza, mwaga lita moja au mbili kwenye ndoo, kwa sababu yale yaliyolala kwenye vali siyo mafuta ya tangi. Andika saa, joto la mafuta, lodi iliyokuwepo. Funika dhidi ya mwanga.

Na usiku huuhuu, tafadhali, si kesho mchana. Gesi ikikaa juu ya mafuta, asetilini na ethilini hurudi kuyeyuka ndani ya mafuta kuliko hidrojeni, sasa ukichelewa nitapima kitu kingine kabisa. Nimewahi kuletewa sampuli kwenye chupa ya maji ya dukani, nusu mafuta nusu upepo wa barabara ya Kericho. Niliipima kwa heshima tu.

Kingine, tepu chenja yako (swichi ya kubadilisha hatua za volteji) inabadilisha ikiwa na lodi? Konsaveta yake ni moja na ya tangi kuu au imetenganishwa? Kila inapobadilisha hatua huko ndani kunakuwa na cheche, cheche hutengeneza asetilini, na kama mafuta yanakutana nitaona asetilini ambayo si ya ugonjwa.

---

FundiAwasi · Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Dada, tepu chenja yetu ni ya kubadilisha transfoma ikiwa imezimwa, kwa hiyo hakuna cheche.

Kisanduku cha waya kilikuwa kikavu, nyaya zimepima vizuri. Sindano nimepata kwa mkandarasi mmoja Kondele saa saba usiku, aliamka akinung'unika lakini alitoa. Nimezipanga ndani ya kasha la kubebea samaki, bila barafu, nikazungushia magunia. Limeondoka na matatu ya kwanza ya Nakuru, dereva anadhani anabeba ngege. Joto la mafuta saa ilipotripi lilikuwa digrii 68, lodi ampea 200 upande wa 11 kV.

Nakiri nilikaribisha pua. Mzee, ile sufuria ya mandazi ndiyo hiyo hiyo.

---

KibosBoy · Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Sawa, ngoja tuone majibu. Mkikuta ni hewa mtanunua soda.

---

DadaMaabara · Alhamisi, saa 10:15 jioni

Kasha limefika, bado linanuka ziwa. Majibu haya, kwa mafuta ya tangi kuu, kwa sehemu kwa milioni: hidrojeni 210, methani 310, ethani 95, ethilini 640, asetilini 22, monoksidi ya kaboni 380.

Gesi ya kwenye relei ina jamaa walewale, ila kwa wingi zaidi ya ule ambao ungetokea kama ingekuwa imetoka taratibu na kutulia na mafuta. Maana yake inazalishwa kwa kasi.

Kwa pembetatu ya Duval, mchoro wa kutambua kasoro kwa gesi, unachukua tatu tu, methani, ethilini na asetilini. Ukizijumlisha unapata 972. Methani ni asilimia 32, ethilini 66, asetilini 2. Nukta inaangukia T3, yaani joto linalozidi digrii 700. Uwiano wa gesi wa kiwango cha kimataifa IEC 60599 nao unasema T3, nimehakikisha. Ingekuwa ni cheche au shoti ya koili, asetilini ingekuwa juu sana kuliko hiyo 22. Na monoksidi haijapanda kwa namna ya kunitisha, kwa hiyo karatasi za koili sidhani zimeungua sana. Hii ni chuma kwa chuma: kiungo, boliti, mguso wa tepu chenja, kitu kama hicho.

KibosBoy, mimi nakunywa ya machungwa.

---

Mstaafu33 · Alhamisi, saa 11:02 jioni

Dada umefanya kazi nzuri. FundiAwasi, sasa pima ukinzani wa koili, kila fezi, pande zote mbili, na kwa upande wa 33 pima kila hatua ya tepu chenja. Usitumie mita ya mfukoni, inatakiwa ile ya milioomu (sehemu ya elfu ya omu) inayosukuma ampea kadhaa. Subiri usomaji utulie, koili hujaza polepole na vijana huwa na haraka. Kama kasoro iko kwenye hatua moja ya tepu, itaonekana kwenye hatua hiyo na kwingine itapotea. Kama iko kwenye kiungo cha kutokea, itabaki palepale. Tofauti ya asilimia mbili kati ya fezi inatosha kuniamsha usingizini.

Uwiano wa mizunguko na mega fanya pia kwa ajili ya kumbukumbu, ila nadhani zitatoka safi.

---

FundiAwasi · Ijumaa, saa 9:40 alasiri

Upande wa 33 kV fezi zote sawa kwenye hatua zote. Uwiano safi, mega safi.

Upande wa 11 kV, kila fezi kwa nyutro, milioomu: nyekundu 84.6, njano 84.9, bluu 91.3.

Nimepima bluu mara nne.

---

Mstaafu33 · Ijumaa, saa 9:55 alasiri

Milioomu sita na ushee zimezidi. Kwa ampea 200, piga hesabu: mia mbili mara mia mbili mara 0.0065, ni wati 260. Ni kama pasi ndogo ya nguo, ila joto lote limekaa kwenye sehemu ya ukubwa wa kidole, ndani ya mafuta, usiku na mchana. Na kila linapounguza mguso, mguso unaharibika, na wati zinaongezeka. Hapo ndipo zilipotoka zile saa 31, 9, 4.

Shusha mafuta hadi chini ya kifuniko cha mkono kilicho karibu na bushingi za 11. Fungua. Anza na bluu.

---

FundiAwasi · Jumamosi, saa 11:30 jioni

Tumefungua saa nane. Shaba inayotoka kwenye koili kwenda kwenye bushingi ya bluu imeungwa kwa boliti mbili. Moja ilikuwa imekaza. Ya pili niliigusa kwa vidole viwili ikazunguka. Chini yake palikuwa na ukoko mweusi kama wa sufuria ya ugali, na ukiukwangua shaba imebadilika rangi, zambarau na bluu, eneo la sarafu ya shilingi ishirini. Karatasi iliyo karibu imekuwa kahawia lakini haijavunjika. Njano na nyekundu ziko safi.

Boliti ile haina washa ya springi. Wiki tatu zilizopita tulipobadilisha gasketi tulilazimika kufungua kiungo hicho ili bushingi itoke. Spana ya kupimia nguvu ilikuwa imeazimwa na watu wa boila, nikakaza kwa ya kawaida, nikiwa nimelala kifudifudi na mkono umezama hadi bega. Niliikaza mimi. Nimemwambia meneja hivyo hivyo. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama washa zipo stoo.

Zipo.

---

KibosBoy · Jumamosi, saa 12:10 jioni

Soda ni zangu. Nitaenda pia kuangalia rekodi za ile yetu ya mwaka juzi, maana hatukupima chochote.

---

Mstaafu33 · Jumamosi, saa 2:20 usiku

Kijana wangu, mimi niliandika "hewa". Endelea na kazi.

Sugua uso wa shaba mpaka ung'ae, badilisha boliti zote mbili, washa mpya, spana ya nguvu hata kama watu wa boila watalia. Fungua na fezi nyingine mbili uhakikishe, hata kama vipimo viko sawa. Kisha chuja mafuta upya kwa vakyumu ili gesi za zamani zitoke, la sivyo kipimo kijacho kitachanganya za jana na za leo. Pima milioomu tena kabla ya kufunga kifuniko, si baada. Ijaze, iache itulie, toa hewa kwenye relei na juu ya kila bushingi. Washa bila lodi kwanza, sikiliza, kaa nayo saa kadhaa.

Sampuli kwa Dada baada ya siku moja, baada ya wiki, baada ya mwezi.

Na kengele italia. Usishtuke. Mmefungua tangi, hewa imeingia. Kila ikilia vuta kwa sindano na uandike saa.

---

FundiAwasi · Alhamisi iliyofuata, saa 3:05 usiku

Tumewasha Jumatatu saa nne asubuhi. Milioomu baada ya kukaza: 84.6, 84.9, 84.8. Foleni ya malori iliisha jana.

Kengele ililia Jumanne saa moja usiku, baada ya saa 33. Nikavuta kwenye sindano, haina rangi, haina harufu. Ya pili bado. Sasa hivi ni saa 50 tangu ile ya kwanza, na kwenye kioo gesi iko kwenye alama ya 60.

Kasha la samaki limeondoka tena alfajiri ya leo, Dada. Safari hii dereva aliuliza.

---

DadaMaabara · Alhamisi, saa 3:20 usiku

Limefika saa sita mchana, liko kwenye foleni. Asetilini nitakupa kwanza, mengine kesho.